Modesta na Kimya cha Mafungo

Mama Asajile, salamu baadaye. Mafungo yetu ya kimya yameishia jikoni!

Unamjua Modesta wetu, kila mwaka ndiye wa kwanza kuongea. Safari hii Mama Emiliani, mpishi wetu, alimcheka mbele za watu kwamba hafiki jioni, naye akaapa hatafungua mdomo mpaka jioni.

Sasa tuko kanisani, kimya kabisa. Modesta kakaa dirishani, anaona moshi mweusi unatoka jikoni. Sufuria la mbalaga, zile ndizi za kupika, chakula chetu sote! Mpishi mwenyewe yumo humu humu, kafumba macho anasali.

Kiapo ni kiapo. Modesta akasimama, akarusha mikono juu, akaonyesha dirishani, akaruka ruka, machozi yanamtoka.

Weee! Watu wakadhani kashukiwa na Roho! Benchi zima likasimama, mikono juu. Mikono juu, mama! Aliyeinua kuliko wote ni Mama Emiliani.

Padre akamsogelea taratibu. "Mama, Roho anasema nini?"

Modesta akajikaza, akashindwa. "Anasema ndizi zinaungua!"

Tumekula hivyo hivyo, chungu. Na Mama Emiliani, mwiko mkononi, bila haya: "Si nilisema huyu hafiki jioni?"