Harambee ya Mguu Wangu

Jumapili, 4 Agosti
Nimeosha kigutu, nimekikausha, nimepaka mafuta, nimefunga bendeji. Chai ya rangi bila sukari, kiporo cha muhogo. Wa bodaboda alichelewa. Nimeingia kanisani wimbo wa pili umeshaanza, nikakaa benchi la nyuma, magongo chini.

Kwenye matangazo nikasikia jina langu. Mwinjilisti Nehemia ametangaza kwamba tarehe 18 mtaa wetu wa kanisa utafanya harambee ya kumnunulia Mwalimu Tabitha mguu wa bandia. Makofi. Wote wakageuka kunitazama. Sikuwa nimeulizwa.

Nimefurahi. Pia nimeona haya mpaka jasho likanitoka. Baada ya ibada nimepewa mikono mingi. Muda mfupi baadaye uwanja ulikuwa mtupu, mimi bado nasubiri bodaboda.

Jumanne, 6 Agosti
Leo sijaongea na mtu. Kuku tu.

Miezi tisa tangu mguu ukatwe kwa sababu ya sukari. Hospitalini walikuja wengi, wakaomba, wakaimba. Tangu nirudi hapa kijijini Masaki, walioingia ndani ya nyumba hii ni watatu: Mwinjilisti mara moja, jirani yangu Bi Mwanahawa, na fundi wa paa. Bi Mwanahawa naye yuko Mlandizi kwa binti yake aliyejifungua. Harudi mpaka arobaini iishe.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama Neema, mwenyekiti wa wanawake kanisani, amekuja na wenzake wawili kupanga shughuli. Ni mara yake ya kwanza kuingia kwangu. Nilitoa vikombe vya wageni. Watapika pilau. Watanadi kuku, mihogo, korosho. Kwaya ya Soga imealikwa. Kisha akasema mimi nitakaa mbele, kwenye kiti changu peke yangu, na khanga niivute juu kidogo.

Nikamuuliza kwa nini niivute.

"Mwalimu, watu hutoa kwa wanachokiona."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma zaidi. Nimekataa. Wameondoka wamenuna, chai hawakuigusa. Nimekunywa vikombe vyote vitatu, chai imeshapoa.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimempigia Esther. Amestaafia kwao Soga. Tulifundisha pamoja Magindu miaka kumi na tisa, nyumba moja ya walimu, sufuria moja. Hajaniona tangu nikatwe. Kila mara anasema atakuja.

Nimemweleza habari ya kiti. Amecheka kile kicheko chake. Akasema anakuja na kwaya, na atakaa na mimi hapo mbele, tuwe wawili, anayetaka kutazama atazame. Alale kwangu, arudi kesho yake.

Nimemtumia Mama Neema ujumbe: nitakaa mbele, viti viwe viwili. Khanga itafika chini, lakini nitakaa.

Leo usingizi utakuja.

Jumatano, 14 Agosti
Nimemtandikia Esther kitanda cha pili. Nimeng'oa majani uani nikijikokota kwa makalio. Mikono inawaka. Siku nne.

Jumapili, 18 Agosti
Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kwaya ya Soga ilifika saa nne. Niliwatazama wakishuka mmoja mmoja mpaka dereva. Esther hakuwemo. Kiongozi wao akanipa kitenge na bahasha: Mwalimu Esther anakusalimu sana, amepata dharura.

Viti viwili mbele. Nikakaa kimoja. Mshereheshaji akaona cha pili kiko wazi, akaweka juu yake kapu la michango.

Uwanja ulijaa. Wamekuja mpaka majirani Waislamu, mpaka vijana wa bodaboda. Kwaya iliimba vizuri. Jogoo wa kwanza alinadiwa kwa vicheko. Mshereheshaji kila baada ya muda alininyooshea mkono: mtazameni mama yetu, anavyoteseka peke yake. Peke yake. Amelirudia neno hilo kama kibwagizo, na watu wakawa wanaguna kwa huruma. Nilikuwa namtazama yule aliyeguna kwa sauti kubwa kuliko wote. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu.

Nikaomba kipaza sauti. Walidhani nataka kushukuru.

Nilisema: "Tangu nitoke hospitali mpaka harambee hii ilipotangazwa, watu watatu tu waliingia nyumbani kwangu, na mmoja alikuja kuziba paa. Leo mmejaa. Mguu nitavaa, asanteni. Lakini sikuwa nimepungukiwa mguu tu."

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kikofi. Mnada ukaendelea bila utani. Walipanga foleni, wakatumbukiza kwenye kapu, hakuna aliyenitazama usoni. Kilichotakiwa kimepatikana na kuzidi.

Nimeambiwa Mama Neema alikuwa nyuma ya masufuria analia. Alikuwa anapika tangu alfajiri.

Jumatatu, 19 Agosti
Nilisema kweli. Nilisema vibaya. Watu wamenichangia, nami nimewachapa mbele ya wageni kama darasa la kwanza.

Mwinjilisti amekuja jioni. Hakukaa.

"Ulichosema ni kweli, Mwalimu. Ila hukuwahi kutuita."

Nikamjibu sikujua kama watu huitwa. Akatikisa kichwa, akaaga.

Kitanda cha pili bado kimetandikwa.

Ijumaa, 23 Agosti
Esther amepiga. Hapakuwa na dharura. Alivaa, akafika mpaka kwenye gari, akarudi ndani.

Naye ana sukari. Mwaka wa tatu. Hakuniambia. Anasema kila akipanga kuja kwangu anautazama mguu wake mwenyewe, anashindwa.

Nilikuwa na maneno ya kumfokea, nimeyaandaa siku tano. Badala yake nimemwambia asitembee peku, na akaguekague viatu kabla ya kuvaa. Akasema ndiyo. Tukabaki na simu masikioni mpaka salio lake likaisha.

Jumapili, 1 Septemba
Kanisani. Wamenisalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa askofu. Benchi la nyuma nililikuta limeachwa lote kwa ajili yangu.

Alhamisi, 26 Septemba
Nimerudi kutoka Dar na mguu. Wiki mbili za kupimwa na kufundishwa kutembea upya. Mzito. Unabana gotini. Nimetembea kutoka kitandani mpaka jikoni. Hatua kumi na nne. Nikasema "haya" kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kuitikia. Nikarudi, kumi na nne nyingine.

Jumapili, 29 Septemba
Sikwenda ibada. Kidonda kidogo. Hakuna aliyekuja kuuliza. Sikumpigia mtu. Ni kosa langu au lao, sijui tena.

Jumanne, 8 Oktoba
Kidonda kimepona. Nimetembea mpaka kwa Mama Neema. Nimepumzika njiani mara tatu, jua kali.

Nilimkuta uani anamenya mihogo ya kuanika. Aliniona, akautazama mguu, kisha uso. Akasogeza kigoda. Nimekaa, nikachukua kisu. Tulimenya muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilikuwa napita pale kwako. Nikiona kimya, najiambia umelala."

"Sikuwa nimelala."

"Najua."

Nikamwambia pilau lake lilikuwa zuri na sikumshukuru. Akasema liliungua chini. Tukaendelea kumenya mpaka gunia likaisha.

Alinisindikiza hadi kwenye mikorosho, mwisho wa shamba lake. Sikugeuka, ninaogopa kugeuka na mguu huu. Lakini sikusikia nyayo zake zikirudi mpaka nilipofika mbali.