Jiwe ya Juu na Goti Yangu

Mujukuu wangu Mireille,

Huku Dilala tuko bazima. Mama yako anauzisha mikate sawa siku zote. Mi ninakaa tu ku mulango, magoti imevimba.

Uliniuliza kama ninaitika mutafute mu damu na mikojo yangu, mule mu labo yenu ya Lubumbashi, alama zenye kuonyesha kama goti itaharibika mbio ao polepole.

Wakati nilikuwa kijana, nilitumika kazi chini ya udongo, mu mine ya kuchimba mawe. Mbele ya kutoboa, mukubwa wetu Tata Ilunga alikuwa anagonga jiwe ya juu na chuma murefu, anasikiliza. Ikilia sauti ngumu, tunaanza kazi. Siku moja ikalia sawa ngoma. Akasema polepole, "Batoto, tutoke." Tulitoka bote, kisha jiwe ikaanguka pale tulikuwa tunasimama.

Damu yangu utakamata, juu ni wewe umeomba. Lakini munganga wa hospitali alishaniambia, dawa ya kurudisha goti haiko. Tata Ilunga alisikia, na sisi tukatoka. Wewe ukisikia, uniambie mi nitatokea wapi.

Ni mi, nkambo yako