Nani Aligeuza Bomba

Jumanne, baada ya chai

Bado sielewi. Mvua ilinipata sokoni Ruiru, nikajua nimeharibu. Kila mvua ikianza, maji ya kwanza huosha vumbi na mavi ya ndege kwenye mabati. Lazima mtu atoke ageuze bomba linaloshusha maji ya paa, uchafu umwagike shambani, ndipo alirudishe kwenye kisima kirefu. Maji safi yanazama mpaka kwenye mwamba, yanatungoja kiangazi. Uchafu ukifika huko chini hautoki, na hapa Kalimoni majirani wote wanakunywa kwetu.

Miaka yote mume wangu ndiye alikuwa anageuza, koti juu ya kichwa. Tulimzika Desemba.

Nimekutana getini na Wambui, mke wa mwanangu, akirudi na watoto kutoka shule. Nikafungua kufuli ya geti mwenyewe, ndani hakuna mtu, nikakimbia nyuma ya nyumba. Shambani kulikuwa na dimbwi jeusi. Bomba lilikuwa limesharudishwa, maji yakiingia kisimani safi kabisa.

"Uligeuza kabla utoke?" nikamuuliza.

"Mum, nilitoka jua likiwaka."

Maji yakishuka, hewa hutoka mdomoni mwa kisima. Hiyo najua. Lakini leo ilitoka ikikoroma, ikikatika, vile kifua cha mume wangu kilikuwa wiki ile ya mwisho. Wambui alisikia pia. Aliwashika watoto mikono akaingia nao ndani.

Mawingu yamejaa tena. Nimemwambia kesho mvua ikianza nitatoka nigeuze mwenyewe.

Nimemdanganya. Nitakaa dirishani nione.