Bastola Tupu na Ngedere wa Shambani

Rutamba

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mikorosho imechanua, na babu yako bado anakoroma mpaka kuku wanahama.

Unauliza kwa nini huko chuo cha polisi kila ukifyatua bastola, risasi inachimba udongo chini ya shabaha. Zangu zilichimba hivyohivyo kwenye mafunzo ya mgambo. Nilikuwa nimezoea kufukuza ngedere shambani, basi kila nikifyatua nilifumba macho, nikaruka na kupiga ukelele: "Huyooo!"

Siku moja mkufunzi akanipa bastola, asiniambie kuwa haina risasi. Nikafyatua. Bastola ikalia "tik" tu, lakini mimi niliruka, na "Huyooo!" yangu ikasikika uwanja mzima. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kumbe bastola haikuwa na kosa. Mkono wangu ndio uliokuwa ukishuka kuukimbia mlio kabla haujatoka. Nikajizoeza kufyatua polepole, kimya, macho wazi, na shabaha ikaanza kutoboka.

Mwombe mkufunzi wako naye siku moja akupe bastola tupu bila kukuambia. Ila wakicheka, mwangalie vizuri anayecheka kuliko wote. Wangu ndiye huyu anayefukuza kuku kwa kukoroma.

Bibi yako,
Somoe