Neno la Shangazi Tamar

Shamba la Hawkrigg,
Yorkshire.
9 Novemba, 1957

Mpendwa mdogo wangu Wilfred,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Noreen na watoto hawajambo? Baridi ya huko Kanada imeshaanza kuuma? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la shemeji yako Clifford. Kondoo wote tumeshawateremsha kutoka mlimani.

Shangazi Tamar alipata kiharusi mwezi wa Septemba. Mkono mmoja umelegea, lakini kilichotushangaza ni ulimi. Maneno ya kawaida yamempotea, yamebaki yale ya kale ya bibi yake, ambayo hata mama hakuyatumia. Buibui anamwita arain. Siku ya mawingu, inayomtia mtu huzuni bila sababu, anaiita dowly. Namwelewa kwa kukisia tu, naye hununa nikimletea chai kumbe anataka blanketi.

Jumanne mchana ukungu ulishuka mpaka ukutani. Nilikuwa nakanda unga. Shangazi akanyoosha kidole dirishani, akasema, "Waff." Nikatoka kuangalia, sikuona kitu. Akarudia neno lile lile huku machozi yanamtoka.

Mzee Septimus Garbutt, jirani yetu, alikuwa ameleta mayai. Nikamtania, "Mzee Septimus, huyu anaongea au anabweka?"

Hakucheka. Alivua kofia. "Kamwona nani?"

"Nitajuaje? Neno lenyewe maana yake nini?"

"Ni sura ya mtu aliye hai, Edith. Mwenyewe yuko mbali, sura yake inakuja nyumbani. Ikija, hana siku nyingi. Labda ikemewe, ione haya, irudi."

"Usinitishe, mzee."

"Basi tazama getini."

Nikatazama. Wilfred, ulikuwa umesimama pale. Ulivaa koti la mirabamiraba, myekundu na myeusi, ambalo sijapata kukuona nalo. Kichwa wazi, mkono wa kushoto umeukumbatia kifuani. Mbwa aliingia chini ya meza, akajikojolea.

Aliyesema ni Shangazi. Alijiinua kitini, na maneno yake yakatoka wazi, ya kila siku, kwa sauti ile aliyokuwa akikugombeza nayo ulipochelewa kurudi kutoka shule.

"Wilf, unafanya nini hapo? Nani kakuita? Hebu rudi kwako, mtoto husikii. Mkeo anakungoja."

Ukainamisha kichwa. Ukageuka, ukaingia ukunguni. Septimus alikwenda mpaka getini. Matope yalikuwa laini, na hayakuwa na alama ya kiatu.

Tangu hapo Shangazi hajatamka neno, la kale wala la sasa. Anakula, analala, na mchana kutwa anatazama njia anayopita mtu wa posta.

Clifford ananikataza nisikuandikie, eti nitakutia hofu bure. Lakini kama unalo koti hilo, nakuomba uende kwa daktari akupime kifua. Kisha nijibu wewe mwenyewe. Nikiona mwandiko wa Noreen juu ya bahasha, sidhani kama nitaweza kuifungua.

Nisalimie Noreen, Colin na Maisie. Clifford na Mzee Septimus wanakusalimu, na Shangazi pia, ingawa hawezi kusema.

Natamani sana kukuona, mdogo wangu, lakini Mungu akushike huko huko uliko.

Dada yako akupendaye,
Edith