Paa Nililokataa Kupanda

Baba Akinyi wangu,

Huko uliko naomba uketi kwanza, maana utacheka. Jumamosi mkeo alipanda ukuta. Ndiyo, mimi, na mwili huu mzito, na miaka sitini inayobisha hodi. Akinyi alinitoa hapa kwake Kawangware akanipeleka kwa jumba moja kubwa ambalo watu wanalipa ili wapande ukuta kwa kamba, kisha wanashuka wanaenda zao. Hakuna kitu wanarekebisha huko juu! Wewe fundi wa mabati, uliyepanda kwa sababu nyumba za watu zilivuja, ungeshika kiuno uulize, "Hawa wamekosa kazi?"

Lakini mimi sikuenda kucheza.

Unakumbuka nyumba yetu ya Kibera, nyuma ya Highrise? Mvua ikiisha ulikuwa unapanda kukagua mabati, halafu unakaa huko juu hadi giza linaingia, ukiniita kwa jina la kwetu, binti wa Ugenya. "Nyar Ugenya, njoo uone! Kanyaga tu penye misumari, hapo chini yake pana mbao." Nami niko chini na mwiko mkononi. "Shuka ule, ugali unapoa."

Mama yako ndiye aliyenionya, siku alipokuja kutuona mara ya kwanza. Mke hapandi paa la nyumba ya mumewe. Akipanda amevunja mwiko, chira, ile laana ya kuvunja mila, itaingia boma, na atakayezikwa ni mume. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. "Mama aachane na hayo, hii ni Nairobi." Mimi sikucheka, nilikuogopea. Halafu nikajiongezea langu, kwamba hata ningetaka singeweza, mtu ambaye kichwa kinamzunguka akisimama kwa stuli kubadilisha balbu.

Sikupanda hata siku moja, na bado ulikwenda. Kifua kilikuanza kama mafua tu. Nyumba nayo ilibomolewa, na leo nikipita pale sijui hata mlango wetu ulikuwa wapi.

Kwa hivyo Akinyi aliponiambia, "Mum, twende ujaribu," nilienda nikiomba nishindwe. Haki ya Mungu. Nilitaka miguu itetemeke, nishushwe, nirudi nikwambie: unaona, mzee wangu, haikuwa ukaidi, singeweza tu.

Walinifunga mikanda kiunoni na mapajani. Aibu gani hiyo! Nikajifunga leso juu yake. Akinyi akafunika uso.

"Mum, leso aki hapana."

"Leso aki ndiyo. Shika kamba."

Nikaanza kushika vile vidude vya plastiki vilivyopigiliwa ukutani. Nilipofika katikati nikakanyaga leso, mguu ukateleza, nikabaki nikining'inia kama kuku anayepelekwa sokoni. Moyoni nikasema asante Yesu, imetosha.

"Nishushe!"

"Mum, si uko karibu! Nimekushika, relax!"

Sikutaka mtoto anione mwoga. Nikafungua leso ikaanguka, nikabaki na suruali yake niliyoazima, nikapapasa kwa mguu. Mguu ukapata pa kukanyaga. Nikapapasa tena, ukapata tena. Nilikingoja kichwa kizunguke, wapi! Nikapumzika, nikaendelea, mpaka mkono ukagusa chuma cha mwisho na watu nisiowajua wakapiga makofi.

Huko juu hakukuwa na kitu, ni vumbi na taa. Niliweka paji la uso ukutani nikalia. Akinyi akaita kutoka chini, "Mum, usiogope!" Maskini mtoto. Sikuwa naogopa hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniliza.

Miaka yote nilidhani nilikunyima kitu ambacho sikuwa nacho. Kumbe nilikuwa nacho, Baba Akinyi. Ungesogea kidogo tu, tungekaa sote wawili tukiwasikia majirani wakigombana, nawe ungenishika mkono mahali ambapo hakuna wa kutuona. Laiti ningeshindwa Jumamosi. Ningelala.

Pumzika, mzee wangu, huko kusiko na mabati ya kuvuja. Akinyi anataka turudi wiki ijayo. Nimemwambia magoti yananiuma, na amenihurumia, amenipaka dawa.

Hayaumi.

Mkeo,
Mama Akinyi