Goti la Kokushubira

Jumatatu, 6 Juni 1988

Nimeshinda karakanani, Bakoba, nikipiga tupa bawaba. Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Nikaendelea kwa mkono.

Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu roboti: mkono wa chuma unaochagua misumari na kuipanga pasipo kuamriwa na mtu. Sasa natengeneza miguu ya mbao kwa waliokatwa viungo wakati wa vita. Wenzangu wa chuo wangecheka. Na wacheke. Mashine isiyomsaidia mtu ni mwanasesere wa gharama kubwa, na niko tayari kubishana juu ya hilo na profesa yeyote.

Hata hivyo sina raha. Kokushubira, mjane wa Muleba, amekuja kubadilisha mpira wa gongo lake. Mguu niliomkabidhi baada ya Pasaka hakuuvaa. Nikamuuliza uko wapi.

"Uko nyumbani, waitu," alisema, kwa neno letu la heshima. "Umepumzika."

Mguu wa mbao hauchoki. Kuna jambo ananificha.

Jumanne, 7 Juni

Nimelitafakari usiku na mchana.

Kokushubira alikanyaga bomu la kutegwa ardhini vita vilipokwisha, akirudi kwao karibu na mpaka. Alikatwa juu ya goti. Baadaye akaolewa Muleba. Mumewe alifariki mwaka jana, amekonda kama ufito, kwa ugonjwa ambao hapa kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja. Amebaki na mtoto mmoja wa kiume na kibanja cha migomba na kahawa.

Mwezi ujao wazee wa ukoo wa mumewe watakaa kuamua: abaki kibanjani na mwanawe, au arudishwe kwa wazazi wake, mtoto abaki na ukoo. Shemeji yake, Ishengoma, anasema mwanamke wa mguu mmoja hawezi kutunza kibanja. Mguu wangu ndio ungemjibu.

Basi nani ananufaika mguu usipoonekana? Ishengoma. Mantiki haihitaji ushahidi mwingi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda Muleba kwa basi. Kokushubira hakuwapo, alikuwa sokoni. Jirani yake aliponiona na futi ya kupimia shingoni alifunga mlango. Siku hizi mwenye futi hapendwi. Fundi wa majeneza naye huja na futi.

Nimeona jambo. Mbuzi wa Ishengoma amefungwa kwa mkanda wa ngozi. Naujua mkanda ule. Niliukata mwenyewe, nikautoboa mwenyewe, na kazi ya mkono wangu siwezi kuisahau. Ni mkanda wa kiunoni wa mguu wa Kokushubira.

Ishengoma alikuwa na wenzake watatu, wanakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akaniita kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Injinia! Wajane wa Muleba ni wengi. Ni huyu peke yake ndiye mwenye paja la kupima?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, amesoma mpaka akasahau wasichana."

Niliwapa kisogo kwa hasira, nikaenda kungoja basi. Kumbe wao ndio wananishuku mimi! Mwizi akimwona mwenye mali huwa wa kwanza kupiga yowe.

Jumapili, 12 Juni

Nimefanya kosa kubwa.

Kulikuwa na msiba kwa jirani wa Ishengoma. Wa pili kijijini hapo ndani ya juma hili. Nilikwenda kutoa pole, na kweli hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Lakini Ishengoma aliketi mbele yangu akizungumzia heshima ya ukoo, nikashindwa. Nilisimama mbele ya wafiwa nikamwita mwizi. Nikaeleza habari ya mkanda. Nikaeleza habari ya kibanja. Nilipanga hoja vizuri, moja baada ya nyingine, kama ninavyopanga siku zote.

Mwanamke mmoja aliacha kulia ili asikilize.

Kokushubira akajiinua kwa magongo yake kutoka kwenye majani walipoketi wanawake. "Mkanda nimempa mimi," alisema. "Mbuzi wake alikuwa anamaliza maharage yangu. Mguu uko chini ya kitanda. Niliuvua mwenyewe."

"Kwa nini?" Nilimuuliza hivyo, mbele ya watu wote, katika msiba wa watu.

"Kwa sababu haupigi magoti, waitu. Umenifanya mlingoti wa bendera."

Watu walicheka msibani. Mfiwa mwenyewe alicheka. Nimeaibika hata sijui nitapitaje tena barabara ile.

Jumatatu, 13 Juni

Sikwenda kazini. Nina hasira na Kokushubira zaidi kuliko nilivyokuwa nayo kwa shemeji yake.

Goti la mguu ule nililifunga kwa makusudi, ili usimkunjikie akaanguka. Usalama kwanza. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, nami sijaona kitabu kinachosema vinginevyo.

Na desturi yenyewe? Mwanamke apige magoti chini ndipo atoe salamu, "shumalamu", na mwanamume aitikie akiwa ameketi kitini! Nimeipinga desturi hii tangu sekondari. Nilimpinga hata baba. Sasa niitengenezee mashine?

Shangazi, ninayeishi kwake, alinisikia nikisema peke yangu. Akaniuliza, "Magoti ni yake, au ni yako?" Swali hilo linaniuma.

Jumatano, 15 Juni

Kokushubira amekuja na mguu ndani ya gunia. Ameuweka juu ya meza yangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Tumebishana saa nzima. Nilimwambia desturi hiyo inamdhalilisha. Akasema huenda ni kweli. Nikamwambia asimame wima mbele ya wazee, awe mfano kwa wengine. Hapo akachachamaa.

"Nikiwasalimu nimesimama, watasema nimekuja kwa kiburi, na kesi itaishia mlangoni. Nikipiga magoti kwa magongo, lazima mtu aniinue. Watasema, mwoneni, hata kuinuka hawezi, atalimaje? Wewe unataka nipoteze mtoto ili kitabu chako kishinde?"

Ishengoma, aliniambia, haitikii salamu yake tangu mazishi ya mumewe. Anapita kama anapita kisiki. Hilo sikulijua. Sikuwahi kuuliza. Nilimpima urefu, unene na uzito. Sikumuuliza mguu anautakia nini.

Nimekubali kutengeneza goti. Sijakubali hoja yake. Ni mambo mawili tofauti.

Jumanne, 21 Juni

Goti linafanya kazi. Komeo dogo lenye springi. Uzi wa breki ya baiskeli unapanda hadi kiunoni, chini ya kitenge. Akivuta, goti linakunjika. Akiinuka na kuunyoosha mguu, komeo linaingia lenyewe. Ni kazi nzuri. Naisifu kwa sababu hakuna mwingine wa kuisifu.

Shangazi akaniambia nikalijaribu sebuleni kwake, si kwenye saruji ya karakana. Sakafuni kwake ametandaza majani makavu kwa desturi ya zamani. Jani moja liliingia kwenye komeo. Goti likagoma kujifunga. Kokushubira angeanguka kifudifudi mbele ya wazee.

Nimeshona mfuniko wa ngozi. Jani haliingii tena. Bado nina wasiwasi. Sasa nashuku hata majani.

Jumamosi, 25 Juni

Kokushubira amejaribu mara nyingi. Ameanguka, akacheka, akanitukana kwa Kihaya, akaanguka tena. Mwishowe alishuka na kuinuka pasipo kushika kitu. Shangazi alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumapili, 3 Julai

Kikao cha ukoo. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya haki za watu wenye ulemavu, kurasa nne. Mzee Kaijage, mkuu wa kikao, akaniambia, "Injinia, wewe si wa ukoo huu. Kaa nje." Nikakaa nje, karibu na mlango. Walinong'ona kwa muda mrefu. Niliamini walikwisha kuamua, na kwamba yote yalikuwa maigizo.

Kokushubira akaingia kwa miguu miwili. Akapiga magoti juu ya majani. "Shumalamu." Wazee wakaitikia. Ishengoma akatazama ukutani. Kokushubira akainuka mwenyewe. Nilisikia komeo likiingia. Sidhani kuna mwingine aliyelisikia.

Ishengoma akasema, "Salamu tumeiona. Je, nani atalima?"

"Nani amelima tangu tumzike kaka yako?" alimjibu. "Au wewe ulidhani migomba inajipalilia?"

Mzee Kaijage akaangua kicheko, kikawa kikohozi, kikawa kicheko tena. Wameamua: abaki, na mwanawe abaki naye, mpaka mtoto awe mtu mzima.

Hawakuandika chochote. Neno tu. Siwaamini. Nimemwambia Kokushubira nitakwenda naye ofisi ya wilaya, likaandikwe na kugongwa muhuri. Akasema tukaulize pia habari za wenzake wenye magongo, kwa kuwa yeye si peke yake. Atasema yeye. Mimi nitabeba karatasi.

Jumamosi, 16 Julai

Muleba. Kiangazi, vumbi jekundu hadi kwenye majani ya migomba.

Nilimkuta kibanjani akipalilia. Ameketi juu ya gunia, kigutu cha paja kimelazwa mbele yake, jembe la mpini mfupi mkononi. Mguu wangu ulikuwa umeegemezwa kwenye mgomba, umefunikwa kanga usipate vumbi. Hauvai akilima. Unamzuia, alisema.

Nikaketi pembeni. Nikamenya karanga alizonipa.

Ishengoma akatokea njiani, anakwenda kisimani kunywesha mbuzi. Kokushubira alimwona mbali. Akauvaa mguu pasipo haraka, akafunga mkanda mpya, akajongea ukingoni mwa njia. Akapiga magoti.

"Shumalamu."

Ishengoma alipita hatua kadhaa. Mbuzi akasimama kula majani, naye akalazimika kusimama. Akageuka nusu. Akaitikia, kwa sauti ndogo.

Kokushubira akainuka, akarudi kwenye gunia lake, akauvua mguu.